Aliyepotea Kwenye Mfereji Ulionyooka

Wifi yangu, mke wa kaka, wapanda baiskeli wote wanamwita Mkia. Si tusi, ingawa mara ya kwanza kulisikia nilitaka kumzaba mtu kofi. Kazi yake na kaka ilikuwa kuwapeleka wageni milimani kwa zile baiskeli za matairi yenye meno. Wanapanda kwa njia ya machimbo ya mawe, wanazunguka mashamba ya vilimani, wanateremka msituni, halafu wanarudi taratibu kwa njia ya ukingoni mwa mfereji. Kaka alitangulia. Wifi alifunga mkia: alikaa nyuma ya wote, kumsaidia aliyepasukiwa tairi, kumpa maji aliyeishiwa pumzi, na kumbembeleza yule bwana asiyekosekana, anayejisifu tangu mlangoni halafu mlima wa kwanza tu anaulizia gari.

Mimi ni mshonaji. Mimi na baiskeli ni paka na maji. Lakini chumba changu cha cherehani kimetenganishwa na sebule yao kwa ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo ya nyumba ile yote nayajua, na nisiyoyajua nauliza.

Kaka alipatwa na kiharusi asubuhi moja akiwa anapaka cheni mafuta. Hospitali walimrudisha hai, Mungu ashukuriwe, ila upande wa kushoto umelegea na ulimi umekuwa mzito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia wazi, kaka mwenyewe akisikia: mguu ukitumiwa utarudi, usipotumiwa ndio basi. Kaka akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, akaugeukia ukuta, na hapo akahamia. Fundi wa baiskeli, rafiki yake wa tangu ujana, alimuungia baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti kipana. Kaka aliitupia jicho mara moja tu.

"Hiyo ya kitoto?" alisema.

Ikabaki koridoni, tukawa tunaanikia taulo. Nilimgombeza, jamani, nikagombeza mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia mguu huo anauzika mwenyewe kwa mikono yake. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Nikirudi kwenye cherehani yangu nilikuwa nalia, kwa sababu huyu ndiye kaka aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na sasa alikuwa anatutoka akiwa ameketi mbele ya macho yetu.

Wifi hakugombeza. Kulikuwa na wageni waliokwisha kuahidiwa safari, basi akavaa helmeti yake akatangulia yeye, na fundi akafunga mkia. Walipofika njia panda ya nyuma ya machimbo, wifi akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kichwani hamna kitu. Njia ile ameipita tangu alipoolewa, lakini ameipita akiangalia migongo ya watu, na mbele ya migongo yote, mgongo wa mumewe. Akabahatisha kushoto. Wakatokea katikati ya bustani ya nyanya, na mwenye nyanya alikuwepo. Fundi anasema maneno waliyoambiwa siku ile hawezi kuyarudia mbele ya mtu aliyelelewa vizuri, kisha ananirudishia yote.

Wifi alirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Hakunawa. Alikwenda moja kwa moja akasimama kati ya kaka na ule ukuta wake.

"Baba watoto, pale nyuma ya machimbo tunakwenda wapi?"

Kaka alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Kulia," alisema. "Kwenye mti... uliopigwa na radi."

"Mti gani?"

"Miaka yote hiyo hujauona?"

"Ningeuonaje, na mgongo wako ulivyo mpana?"

Kaka alicheka. Kicheko cha upande mmoja wa mdomo, kibovu, kinachokwaruza, lakini nilikisikia kupitia ukutani nikasimamisha cherehani katikati ya pindo. Tangu hospitali alikuwa hajacheka.

Kuanzia hapo, kila baada ya chakula cha jioni meza iligeuka milima. Mkate ulikuwa kilima cha machimbo, bakuli zilizopinduliwa zilikuwa vilima vya mashamba, na mkanda wa suruali ya kaka, ulionyooshwa kandokando ya meza, ulikuwa mfereji. Kaka alisukuma kijiko kwa mkono wake mzima, wifi akikifuata kwa uma, na akikosea anapigwa kijiko cha vidole. Alijifunza. Wageni waliofuata walikwenda na kurudi bila kuona nyanya hata moja.

Ila vijiko vikishaoshwa, kaka alirudi kwenye kiti chake. Mguu ulikuwa unakonda. Ukitazama suruali ulikuwa unaona, na mimi kazi yangu ndiyo kutazama suruali. Wifi naye alikuwa anaona.

Basi siku moja akarudi amechelewa, akakaa kwenye mkono wa kiti cha kaka, akavua glavu.

"Leo nimepotea tena," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye mfereji."

Nilikuwa mlangoni na nguo ya mteja mkononi. Jamani, mfereji ule umenyooka kama rula. Kulia maji, kushoto nyasi, na mbele ni mbele. Hata kuku hawezi kupotea pale.

"Mtu anapoteaje kwenye mfereji?" kaka aliuliza.

"Sijui. Nimepotea tu."

"Mwongo wewe."

"Haya, ni mwongo. Na kesho nitapotea tena, mpaka aje mtu wa kunionyesha."

Hakucheka wala hakukonyeza. Alikuwa anamwangalia tu. Kisha kaka akaniambia mimi, bila kunigeukia, "Toa taulo zako kwenye baiskeli yangu."

Kesho yake kaka alitaka kutangulia. Wifi akamkatalia: anayepotea ndiye atangulie, anayejua akae nyuma amkosoe. Kaka alinung'unika, lakini alipanda. Mimi nilitembea mapema na chupa ya chai hadi darajani, nikijifanya nanyoosha miguu.

Wifi alifika peke yake. Akashuka, akaegemeza baiskeli, akageuka kuitazama njia. Kona iliyo karibu na daraja, ndiyo kona pekee ya mfereji mzima, ilikuwa tupu. Wana sheria yao hawa watu: kwenye kila njia panda na kila daraja aliyetangulia anasimama anamsubiri wa mwisho mpaka amwone, na haendi kumkokota, kwa sababu anayefuatwa hujiona mzigo. Sheria nzuri, ila si kwa mtu mwenye mguu mmoja mzima kandokando ya maji. Tulisubiri. Nikaanza kuondoka kumfuata, wifi akanishika mkono.

"Mwache," alisema, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Halafu akatokea. Anakuja polepole, amelalia upande, mguu wa kushoto umefungwa kwenye pedali kwa mpira, jasho linamtiririka, mdomo umepinda, anajisemesha mwenyewe. Alifika akakamata breki. Wifi alikuwa analia waziwazi.

"Unalia nini sasa? Nimefika."

"Sijawahi kukuona ukija," wifi alisema. "Maisha yangu yote nakuona ukienda."

Kaka alihema kwanza. "Mimi nakuona ukija kila siku," alisema, neno moja moja, kwa ule ulimi wake mzito. "Kuna mahali nilikuwa nasimama hata njia panda hakuna."