Mchele wa Msaada na Mpunga Wetu wa Bondeni

Tuliporudi kijijini kwetu Quiterajo baada ya kukimbia vita, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulianza na bonde. Lilikuwa limegeuka pori. Tulifyeka, tukapanda mpunga, tukashinda juani tukifukuza ndege mpaka sauti zikatukauka. Mpunga ukakubali. Tulipanga tule kiasi, unaobaki tuuze tununue mabati, maana tulikuwa bado tunalala chini ya turubai.

Tukiwa katikati ya kuvuna, malori ya msaada yakafika na mchele wa ng'ambo, kila kaya gunia lake. Nami nilipanga foleni. Mtu aliyelala njaa porini hakatai chakula. Nikaona watoto wa jirani wakirudiwa na mwili, wazee wakipata nguvu ya kutoka nje. Lakini mchele wetu haukupata mnunuzi. Mchuuzi niliyempelekea aliuchota kiganjani, akaurudisha.

"Mzuri, mama. Ila nani atanunua, na wa bure umejaa mpaka uvunguni?"

Baadaye akaja mgeni kutoka nchi iliyotoa mchele ule, mwanamke wa makamo, kuangalia tunaendeleaje. Kwa kuwa nilisoma Kireno kidogo, niliitwa kutafsiri. Alikuwa mpole, na uso wake ulikuwa umechoka kama nyuso zetu. Alipoketi mkekani nikamuuliza, "Huko kwenu, mchele huu anaulima nani?"

"Kaka yangu ni mmoja wa wanaoulima," akasema. "Serikali isingeununua ili kuwaletea ninyi, angekuwa ameshauza shamba."

Nilimweleza wifi. Akasema, "Mwambie basi nasi tumemsaidia kaka yake."

Nikamwambia. Mgeni hakucheka. "Ni kweli," akasema. "Sikuwahi kuliona hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, ila hasira haikuja. Alikuwa dada wa mkulima, kama sisi tulivyo wakulima.

Alipoaga tulimpa kikapu cha mchele wetu mpya. Akakirudisha kwa mikono miwili. Kazi yake, alisema, haimruhusu kupokea kitu kwa watu anaowasaidia. Wifi akakipokea kikapu.

"Kumbe hata shukrani zetu hazina pa kuwekwa," akasema kwa Kiswahili. Hilo sikulitafsiri.

Msimu uliofuata tulilima kipande kidogo tu. Ya nini kuuvunja mgongo kwa kitu kisichouzika? Wengi walifanya vivyo hivyo. Kabla ya mavuno tukasikia huko ng'ambo fedha za msaada zimepunguzwa, malori hayaji tena. Mchele wao ukakatika, na wetu tulikuwa tumeulima kidogo tu. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni, na majani yake kwa kitoweo. Watu hawakulalamika sana. Kulalamika nako kunataka nguvu. Mbegu tulizokuwa tumeweka akiba tuligawana na jirani, kila mmoja akapata kidogo cha kupanda.

Mwaka huu tumerudi bondeni. Magugu yamefika kiunoni, na wifi mgongo wake hauko sawa tangu kule tulikokimbilia.

"Tulime lote?" aliniuliza juzi.

"Tulime tutakaloweza."

Wifi alifunga kanga kiunoni, akaanzia upande wenye magugu machache.