Kitanda Nisichokitandika Mimi

Kile kitabu nilikipata kwa sababu mwenyewe hakukirudia. Mgeni alikisahau chini ya kitanda, na sheria ya hoteli tuliyokuwa tukifanyia kazi ilikuwa kwamba kitu kikikaa miezi mitatu bila kuulizwa, aliyekiokota anakichukua. Wenzangu waliokota miwani, mikanda, na mmoja aliwahi kuokota saa ya mkononi ya maana kabisa. Mimi bahati yangu ilikuwa kitabu cha picha za nyumba za wageni huko mashambani Ufaransa, kimeandikwa Kifaransa kitupu. Nikapanda nacho mabasi mawili, kutoka Bloomington mpaka Columbia Heights, nikikifungua na kukifunga njia nzima.

Ukurasa mmoja ulikuwa na kitanda. Kitanda tu, shuka nyeupe, dirisha liko wazi, na huko nje ng'ombe wawili wamesimama kwenye majani. Nikaukata ukurasa ule nikaubandika kwenye friji. Mume wangu akauliza ndiyo nini.

"Hapo ndipo nataka kulala," nikamwambia. "Usiku mmoja. Asubuhi niamke, niondoke, nikiache kimevurugika hivyo hivyo."

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka. Kwa siku nilikuwa natandika vitanda kumi na sita, na vya watu wengine, si vyangu. Tulikuja Minnesota kusoma, wote wawili, tukasoma, tukamaliza, yeye akapata kazi ya kuchora barabara kwenye ofisi moja ya Saint Paul, mimi cheti changu kikabaki kwenye droo nikaenda kutandika. Na nyumbani nako, kila kijana aliyefika kutoka Tanzania na sanduku lake alishukia kwetu, akalala sebuleni wiki, mwezi, mpaka apate chumba. Nani alikuwa anakunja yale mablanketi? Mimi. Miaka kumi ya ndoa, na sikumbuki asubuhi hata moja ambayo sikuanza na shuka.

Sasa mwambie mtu anayechora barabara kwamba unataka safari, umemtia wazimu. Januari ile, theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, mume wangu alitandaza ramani ya Ufaransa juu ya meza na haikuondoka pale mpaka Juni. Tulikula chakula kwenye ukingo wa meza, sahani zimekalia bahari. Mpango ulikuwa huu: tutamwacha binti yetu kwa mdogo wangu Brooklyn Park, tutaruka mpaka Paris, tukodi kigari kidogo, tuendeshe siku sita kwa njia za vijijini. Kila usiku tutalala kwenye nyumba ya wageni, na yeye aliziwekea alama za duara, sita, kwa kalamu nyekundu. Duara la nne lilikuwa kitanda changu, kijiji kimoja si mbali na Limoges. Alikuwa anapima kwa rula na kuniambia, leo hatutaendesha zaidi ya saa tatu, usichoke. Mtu mzima ananipigia hesabu nisichoke. Nilimpenda sana miezi ile, nikiri.

Nafasi tuliomba kwa faksi, na majibu yaliporudi nilikwenda nayo kazini. Kwenye chumba cha kufulia alikuwepo dada mmoja Mkongo, ndiye aliyenisomea, amekaa juu ya rundo la taulo.

"Dada, huyu bibi anasema chambre, chumba, iko," akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Na chai ya asubuhi iko ndani ya bei. Anauliza mutakuja na mbwa?"

"Mbwa wa nini?"

"Mimi najua? Batu ya kule wanatembea na mbwa."

Nikamwambia aandike hatuna mbwa, tuna uchovu tu. Naye akaandika, nafikiri, maana jibu lililorudi lilikuwa na moyo mdogo umechorwa chini.

Kosa lilifanywa na mume wangu, nalo alilifanyia kanisani. Tulikuwa tunasali Jumapili mchana, ibada ya Kiswahili, kwenye kanisa la kuazima Saint Paul. Garini nilimwonya: safari hii usiitangaze. Akasema sawa. Mume wangu akisema sawa kwa haraka namna ile, jua hajasikia. Ulipofika wakati wa maombi, akasimama na suti yake, akaomba tuombewe safari ya Ufaransa. Akataja na miji. Akataja mto. Nilimvuta koti, akadhani namtia moyo, akaongeza na tarehe.

Ibada ilipoisha, hatukufika hata kwenye birika la chai. Kumbe kila mtu ana mtu wake Ufaransa. Huyu ana binamu Orléans, yule ana shemeji wa dada yake Tours, mwingine ana mtoto wa mjomba ambaye hajui mji gani lakini atauliza. Na mtu akishajua unapita karibu na ndugu yake, kuna mambo mawili. La kwanza ni mzigo. Wiki mbili tu sebule yangu ilijaa jinzi, raba, makopo ya vidonge vya maumivu na mafuta ya kujipaka, kama vile Ufaransa hakuna maduka. La pili ndilo baya zaidi. Watakuuliza: "Sasa mtalala wapi?" Ukisema hoteli, mtu anakuangalia kama umemtukana mama yake.

"Hotelini? Na ndugu yetu yupo palepale?"

Na mume wangu, kwa moyo wake ule, hajui kukataa. Anasema sawa.

Jioni moja ya Machi narudi kutoka kazini, miguu inawaka moto, naangalia ramani. Maduara mekundu yamekatwa. Juu yake kuna ya bluu, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake mzuri: binamu, shemeji, mtoto wa mjomba. Yamebaki mekundu matatu. Sikuvua hata koti.

"Haya ni nini?"

"Ni watu wetu, mke wangu. Tutawapita vipi?"

Nikawaka. Nikamwambia hivi: "Wewe ukilala kwa watu utakaa sebuleni uulizwe habari za Amerika. Mimi nitaamka kumi na moja alfajiri kabla mwenye nyumba hajaamka, nitandike kitanda kilichonilaza, nifagie, niingie jikoni, nioshe vyombo, niseme hapana dada pumzika. Ndivyo nilivyolelewa na siwezi kufanya vingine. Umechukua likizo yangu ukaigeuza kazi. Na huko silipwi." Halafu nikalia, jambo ambalo silipendi, kwa sababu nikilia maneno yangu yanaharibika.

Kesho yake ramani ilikuwa mpya, amenunua nyingine, maduara sita mekundu. Kumbe alikuwa amewapigia wote simu, mmoja mmoja, akawaambia mizigo tutafikisha, chai tutakunywa, kulala hapana.

"Ukawapa sababu gani?" nikamuuliza. Nilikuwa naogopa ameniuza, kwamba sasa Minnesota nzima inajua mke wake hataki ndugu.

"Nimewaambia nakoroma."

"Wewe hukoromi."

"Nimesema nakoroma vibaya sana. Kwamba nyumba ya watu siwezi, naona aibu."

Jumapili iliyofuata wanaume walimpiga mabega kwa kumpa pole. Mama mmoja akamletea tangawizi. Mwingine akamshauri ashone mfuko mgongoni mwa pajama atie mpira wa tenisi, asiweze kulala chali. Alisikiliza yote, akashukuru, akatia tangawizi mfukoni. Mimi nilisimama pembeni na kikombe changu nikiwa na aibu na furaha pamoja, sijui ipi ilizidi.

Ingeishia hapo, lakini Mei alikuja nyumbani mama mmoja wa kanisani. Mtu mzima, mjane, mpole, si wa kuomba-omba. Hakuleta mzigo. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kana kwamba anangoja kuitwa. Ana binti yake, akasema, ameolewa huko Ufaransa, mume kamwacha, yupo peke yake na mtoto mdogo. Mwaka wa saba hawajaonana. Yeye karatasi zake hapa zilikuwa bado hazijakamilika, akitoka harudi. Akataja mji. Mume wangu akaangalia ramani, halafu akaniangalia mimi, halafu akaangalia chini. Ulikuwa mwendo wa robo saa kutoka duara la nne.

"Tutampitia, mama," nikasema. "Tutakunywa naye chai."

"Chai haitoshi, mwanangu." Alisema taratibu sana. "Kwenye simu ananiambia hajambo. Na nyie mkienda kwa chai atawaambia hajambo. Mtu anaweza kujikaza lisaa limoja. Asubuhi ndiyo mtu hajikazi, akitoka chumbani hajanawa uso. Nataka umwone asubuhi, uje uniambie."

Nikaangalia friji. Kitanda changu kilikuwa pale, kimekunjamana kidogo kwa mvuke wa vyungu vyangu.

"Nasikia baba anakoroma," akaendelea. "Isiwape shida. Marehemu mume wangu alikoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Binti yangu kalelewa na mkoromo."

Mume wangu akafungua mdomo. Najua alitaka kunitetea, angesema uongo mwingine wowote. Nikamtangulia. Nikamwambia yule mama tutalala.

Alipoondoka nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia kwa hasira, namkasirikia yeye, nakasirikia mipaka na karatasi, najikasirikia mwenyewe. Usiku ule mmoja ndio niliokuwa nautaka. Usiku wa siku zile nyingine tano mtu angeweza kuuchukua.

Kama wiki baadaye, mume wangu akanijia chumbani asubuhi, tai bado hajafunga. "Zile pembe," akasema. "Hotelini mnazikunjaje?"

Nilidhani ananichokoza. Nikamwambia aende kazini. Akasimama palepale. Basi nikamwonyesha: inua godoro, vuta shuka, kunja kama bahasha, sukuma ndani. Akajaribu. Mtu mwenye mkono wa kuchora barabara bila kutetemeka, kwenye shuka vidole vyote vikawa vidole gumba. Akafumua, akaanza upya. Toka siku ile, kila nikitoka kuoga nakuta kitanda kimetandikwa, kibaya, kimepinda, pembe moja inaning'inia. Sikumuuliza kwa nini na hakusema. Nilikuwa nakitengeneza akishaondoka, kimyakimya, nisimvunje moyo.

Juni tukaenda. Zile nyumba za wageni zilikuwa nzuri, sitasema uongo, na nilivuruga mashuka kwa makusudi. Siku ya nne tulipita mbele ya nyumba ya kitanda changu. Mume wangu akapunguza mwendo. Ng'ombe walikuwepo kweli. Nikamwambia endesha.

Yule binti aliishi kwenye vyumba viwili juu ya duka la viatu. Alitupokea kwa pilau, akacheka, akatuita dada na shemeji, akasema hajambo, kazi ipo, mtoto anakua. Usiku akatupa chumba chake, yeye akalala sebuleni na mwanawe. Nililala nikijua nitaamka alfajiri kama kawaida yangu.

Sikuamka. Nilishtuka jua limeshapanda. Nikatoka mbio kwenda kunawa, nikiona aibu, na niliporudi na taulo mkononi nilimkuta mume wangu amepiga magoti kando ya kitanda cha watu, anakunja pembe. Yule binti alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai, nywele hazijachanwa, macho yamevimba.

"Shemeji, acha, nitatandika mimi."

"Ngoja kwanza," mume wangu akasema. "Hii bado haijakaa."

Yule binti akaanza kucheka, akaweka vikombe chini, na kicheko kikageuka kilio. Akasema mama yake alimwambia kwenye simu kwamba shemeji anakoroma. Alikaa macho mpaka usiku wa manane akingoja kusikia. "Nilitaka nisikie tena nyumba ina baba," akasema. "Hata kidogo hukukoroma." Mume wangu, magotini palepale, akamwomba msamaha kana kwamba amemvunjia chombo. Mimi nikamshika yule binti, tukakaa wote wawili juu ya kitanda, tukakivuruga chote, na asubuhi ile alinieleza yale ambayo hakuyasema kwenye simu kwa miaka saba. Nyuma yetu mume wangu alisimama na ncha ya shuka mkononi, akingoja tuinuke aanze tena.

Jumapili tuliyorudi, yule mama alikuwa ananingoja mlangoni mwa kanisa. Nilimweleza kila kitu, kama alivyoniomba. Amekonda. Analia asubuhi. Akishalia anakula, alikula chapati mbili nikimwona. Mama alisikiliza ameshika mikono yangu, akiitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "kwa mwanangu ulilala?"

"Nililala mpaka jua likanikuta, mama," nikamwambia. "Na kitanda nilitandikiwa."