Mtulinga wa Mwanangu

Sikuwahi kuufikiria mtulinga mpaka ulipovunjika wa mwanangu, akiwa bado anatoka tumboni mwangu. Alikuwa mtoto mkubwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama, muuguzi akavuta, na kitu kikalia ko! kama kijiti kikavu. 

Baadaye muuguzi aliniwekea kidole chini ya shingo yangu mwenyewe ili nielewe.

"Mfupa wenyewe ni huu. Unaanzia kifuani katikati, unajipinda kidogo, unaishia begani. Ndio unaolishikilia bega lisiangukie kifuani. Chini yake inapita mishipa ya damu na ya fahamu iendayo mkononi."

Akasema wa mtoto mchanga huunga wenyewe upesi. Alibana mkono wa kulia wa kishati kifuani kwa pini, akanionya nisimwinue kwa mikono wala nisimkande pale, na mkono ukikataa kusogea baada ya wiki mbili nimrudishe kwenye kituo cha afya.

Katika yote hayo mimi nilishika neno mishipa tu. Nilirudi nalo nyumbani Nyabiyonza, nikalala nalo. Kila nilipofungua pini, mkono wa kushoto ulirusha ngumi, wa kulia ulilala kama si wake. Niliogopa hata kuugusa.

Mume wangu alikuwa Kaisho akinunua maharage, hivyo nyumbani tulibaki mimi na mama yake. Hapa kwetu mtoto mchanga huogeshwa na mama wa mume, na hilo halina mjadala. Mama mkwe wangu amewaogesha wajukuu wote kwa mtindo mmoja: samli, kitambaa cha maji ya moto, kukanda viungo, halafu anamning'iniza mtoto kwa mikono ili mabega yakae sawa. Wiki ya kwanza nilimsihi mpaka akakubali kumfuta tu, huku akiguna.

Wiki ya pili kikatokea kinundu. Kilikuwa palepale juu ya mtulinga, kigumu, kama punje ya harage. Mama mkwe naye akakiona.

"Si nilikwambia? Hakukandwa, sasa ameota uvimbe. Lete maji."

"Mama, muuguzi alisema..."

"Huyo muuguzi ameogesha wangapi wa nyumba hii?"

Nilileta maji. Ningebisha nini? Kinundu chenyewe sikukijua, muuguzi hakuwa amekitaja, na mkono ulikuwa bado umelala. Mama mkwe alichovya kitambaa, mvuke ukapanda. Akapaka samli kwenye kidole gumba, akakilenga kile kinundu ili akikandamize kirudi ndani.

Mishipa inapita chini ya hapo! Nilimnyakua mtoto mapajani mwake kama mwizi. Beseni likapinduka kwa kishindo.

Mtoto alishtuka. Mikono yote miwili iliruka juu, vidole vimetanuka, wa kulia sawa na wa kushoto, kisha akaangua kilio.

Nilisubiri kufokewa. Katika ukoo ule hakuna mkwe aliyewahi kumpokonya yule mama kitu. Lakini yeye alikuwa amesimama ndani ya maji, anamkodolea macho mtoto.

"Ameuinua," alisema. Halafu, kwa sauti ya kuomba: "Hebu mshtue tena."

Kesho yake tulikwenda kituoni pamoja. Muuguzi alikipapasa kinundu, akacheka, akasema huo ni mfupa mpya, umezunguka pale palipovunjika ili upaunge, na utasawazika wenyewe mtoto akikua. Kukikandamiza, alisema, kungeweza kuuachanisha tena.

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilimgeukia mama mkwe nimwonyeshe tabasamu, nikamkuta amekishika kifua.

"Mwanangu," alininong'oneza, "na wale wajukuu wengine wote niliowaning'iniza?"