Wagonjwa Wasiojua Kizulu

Asubuhi Mama Léocadie hakujua neno hata moja la Kizulu.

Jioni nikamkuta kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mtaa wa Jules, akimgombeza dereva wa taksi kwa Kizulu kilichonyooka, mpaka dereva akaomba radhi.

Nikaganda pale pale na mfuko wangu wa mkate.

Maana asubuhi hiyo hiyo, kwenye kliniki yetu hapa mtaa wa Malvern, nilimtafsiria kila kitu. Hata neno "maji".

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Fauzia. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa mji huu huu, mtaa wa Bertrams, na shangazi yangu Zubeda. Nilisoma uuguzi kwenye chuo kidogo mjini, na kliniki hii ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Nilikuwa kwenye majaribio. Mwisho wake, Sista Mabuza, mkuu wetu, angeamua nibaki au niondoke.

Tatizo lilianza siku ya kwanza kabisa.

"Fauzia! Watu wako wamekuja!"

Nikaacha bandeji, nikakimbilia mapokezi. Mrundi, natafsiri. Mkongo, natafsiri. Mtu wa Unguja, natafsiri. Nikirudi wodini, kidonda kimeshafungwa na mwingine.

Kesho yake hivyo hivyo. Nikishika tu sindano ya dripu, jina langu linaitwa.

Wenzangu walioanza nami wakawa wanachoma sindano huku wanapiga soga. Mimi nilikuwa naota mishipa ya watu usingizini.

Siku moja Sista Mabuza akaniita pembeni.

"Mdomo wako naujua, Fauzia. Mikono yako siijui. Siwezi kubaki na muuguzi wa mdomo."

Eish. Nilikwenda chooni, nikakaa tu.

Ningekataa vipi kutafsiri? Mtu anaumwa, yuko mbele yako, anakuita mwanangu.

Sasa rudini nami pale kwenye robot.

"Mama Léocadie! Kumbe Kizulu unakijua?"

Akashika mdomo. Halafu akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Weye mwana, usinikasirikie. Ni shangazi yako alitupanga."

"Aliwapanga akina nani?"

"Sisi wote! Alisema tukifika pale tujifanye hatujui Kizulu, tuseme tunamtaka Fauzia."

Nilipanda ngazi za kwetu mbili mbili.

Shangazi alikuwa anakuna nazi. Hata hakushtuka.

"Ndiyo, niliwaambia. Mgeni katika mji huu anatolewa kazini kama paka jikoni. Nilitaka waone bila wewe hawawezi."

"Shangazi, umenifunga. Nitafukuzwa kwa sababu hiyo hiyo."

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na sikujua?"

"Kwamba unateseka, ulijua."

Kila jioni aliniuliza habari za kazi, na kila jioni nilimjibu nzuri.

Shangazi akawapigia simu wote aliowapanga, waache mchezo. Mapokezi pakatulia. Lakini siku zangu za majaribio zilikuwa zimekwisha. Kesho yake Sista alitaka kuniona nikiweka dripu.

Na mgonjwa aliyeletwa alikuwa nani? Mama Léocadie. Safari hii hakukuwa na mchezo. Ametapika usiku kucha, midomo imekauka.

Sista akamuuliza kwa Kizulu. Mama akabaki kumtazama.

Nikainama. "Mama, usinifanyie hivi leo."

Machozi yakamtoka. "Mwanangu, Kizulu changu ni cha kuuza nyanya na kugombana na taksi. Cha kusema tumbo linauma vipi, sina."

Nikaona aibu. Kumbe hata aliyeigiza hakuigiza yote.

"Fauzia, acha dripu," Sista akasema. "Tafsiri. Mwingine ataweka."

Mlango ule ule, unafungwa tena usoni pangu.

"Sista," nikasema taratibu, "naomba nifanye vyote viwili."

Akasogea pembeni. Nikalichukulia hilo kuwa ndiyo.

Nikafunga mpira mkononi mwa Mama. Nikamuuliza ameanza kutapika lini, amekula nini, ana ujauzito? Akacheka kidogo: "Kwa umri huu?" Mkono ukalegea. Mshipa ukajitokeza. Sindano ikaingia mara moja.

Dripu ikaanza kudondoka.

Sista aliitazama, akanitazama. "Sharp," akasema, yaani safi, akaenda zake.

Nilibaki kazini.

Juma lililofuata nikasikia tena: "Fauzia! Watu wako!"

Mapokezi kumejaa. Wote wanajieleza kwa Kizulu, kila mtu kwa kadiri yake. Shida yao moja tu: hawataki kuchomwa na mwingine. Shangazi ametangaza kwamba mkono wangu hauumizi.

Ndugu msomaji, anayekufunga kwa mapenzi haoni kamba. Mwambie mapema, kwa upole, panapokubana.

Halafu mwambie tena. Mimi leo jioni naenda kumwambia shangazi yangu kwa mara ya pili.