Siku Tatu na Injili ya Marko mjini Kigali

Mwaka 1993, mwezi wa Oktoba, parokia yetu ya Bukoba ilipata barua kutoka Kigali. Walimu wa dini wa mtaa mmoja wa Kacyiru walitaka mtu wa kuwafundisha Injili ya Marko: ilikotoka, aliyeiandika, inasema nini. Padri aliyezoea kwenda alikuwa mgonjwa wa mgongo, nikatumwa mimi. Nilikuwa nimefundisha injili hiyo miaka kumi na miwili na sikuona sababu ya kuhofu.

Safari ilianza Jumatatu alfajiri. Hadi Ngara nilikwenda kwa basi, nikalala, na asubuhi nikapata lori la chumvi mpaka Rusumo. Daraja nililivuka kwa miguu, maporomoko yakiunguruma chini. Upande wa pili dereva mwingine alinichukua. Kati ya mpaka na Kigali tulisimamishwa vizuizini mara tano. Abiria Wanyarwanda walitoa vitambulisho, na askari walisoma mstari mmoja tu, ule wa kabila. Mimi nilitoa pasi na kuambiwa nipite.

Saa kumi jioni nilifika Kacyiru. Mwenyeji wangu, Athanase, alikuwa karani katika wizara mojawapo na pia kiongozi wa seli, yaani mkubwa wa serikali wa nyumba zile chache za jirani. Alinipokea mlangoni mwenyewe.

"Karibu, mwarimu. Hapa iko kwako. Maji ya kuoga iko tayari."

Mkewe alituandalia ndizi na maharage. Nilitunzwa vizuri katika nyumba ile, na sitaki kulificha hilo.

Jumatano asubuhi tulianza, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja watu kumi na wanane. Wengi Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo Athanase alikuwa amemtafuta mkalimani: Hamisi, fundi cherehani wa Nyamirambo, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Ujiji na biashara ya nguo. Wachache walinung'unika. Hamisi akawaambia, "Nyinyi mnataka maneno, mimi ninayo. Imani kila mtu abaki na yake."

Siku hiyo niliwaeleza asili. Niliwaambia kuwa wazee wa kanisa la kwanza walisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akaandika aliyoyasikia kwake, na kwamba wasomaji wake walikuwa watu wa mateso. Waliposikia neno mkalimani, wote walimgeukia Hamisi wakacheka. Naye alicheka.

Alhamisi tulipitia maudhui. Ni injili fupi, ya haraka, na wanafunzi wake hawasifiwi: hawaelewi, wanalala, wanakimbia. Nilimaliza na kaburi. Niliwaambia kuwa katika nakala za kale zaidi habari inakatika pale wanawake wanapokimbia, wasimwambie mtu, kwa kuwa waliogopa. Aya zinazofuata ziliongezwa baadaye.

Mwanaume mmoja alisema huo si mwisho. Wanawake hawajui kunyamaza. Watu wakacheka. Hapo akasimama mama mmoja aliyeitwa Spesiyoza, ambaye tangu jana hakuwa amefungua kinywa. Alisema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kawaida, akiwa ameshika mgongo wa benchi. Alisema kwa muda mrefu.

Nilimtazama Hamisi. Alifuta miwani yake kwanza.

"Anasema mume wake alichukuliwa na askari, vita ilipoanza, sasa miaka mitatu. Hakurudi. Hajawahi kusimulia. Anasema wale wanawake anawaelewa."

Niliona tafsiri ilikuwa fupi kuliko maneno, lakini sikuuliza. Nilimpa pole, nikasema injili hii iliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, nilimwomba Athanase atufungie kwa sala. Alichelewa kusimama. Aliomba maneno machache, na watu wakatoka bila kuagana.

Jioni, mezani, Athanase hakula. Aliniuliza, "Mwarimu, Petro alipomkana Bwana pale uani, mwanafunzi mwingine alikuwepo?"

"Marko hamtaji mwingine."

"Sasa nani alimwambia Marko?"

"Kama wazee walisema kweli, ni Petro mwenyewe."

"Alisema mwenyewe? Mbele ya watu?"

"Nadhani ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akasukuma sahani. Nilidhani nimejibu swali la elimu, na nilifurahi kuwa na mwanafunzi makini.

Ijumaa niliwaeleza aya zile zilizoongezwa. Spesiyoza hakuja.

Jumamosi asubuhi Hamisi alinisindikiza kwenye gari. Tulipokuwa tumesimama wawili tu, alisema, "Mwalimu, iko sehemu sikukutafsiria. Yule mama alisema pia nani aliwaonyesha askari nyumba yake. Alisema: ni huyu aliyekaa mbele, anayemlaza mgeni."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia palepale.

"Ungemtazama. Na wote wangeona umemtazama. Halafu wewe ungeondoka na pasi yako, yule mama angebaki." Akaniambia Spesiyoza ameshaondoka, jana kabla ya jua kuchomoza, kwenda kwa dada yake Gitarama.

"Na Athanase amesema nini?"

"Bado hajasema kitu."

Vizuizini tulisimamishwa tena mara tano. Nilivuka Rusumo mchana na kufika Bukoba Jumatatu. Padri aliniuliza kama somo lilieleweka. Nilimjibu kuwa wanafunzi walilielewa siku ya pili, mimi nikalielewa siku ya kuondoka. Na kwamba kati ya watu wote waliokuwa ukumbini, ni mimi peke yangu niliyeitikia ile sala ya Athanase amina kwa sauti.