Bibi Mwenye Masikio ya Paka

Bibi yangu aliniita mume wangu, kama bibi wengi wa huku wanavyowaita wajukuu zao wa kiume, na kusema kweli nilikuwa mume wa hovyo. Kwa simu niliyotumiwa na mama kutoka Maskati, nilimpiga picha zaidi ya mia tatu, zote za uhuni. Nilimwekea masikio ya paka, miwani ya jua, ndevu. Darasa zima la kidato cha tatu lilimjua bibi wa mtaa wa Nguvumali mwenye pua ya sungura.

Hakukasirika. Alikuwa akigeuza vitumbua kwenye chuma, ananitupia jicho la pembeni. "Mume wangu, wewe unapiga tu. Huniangalii." Nikamjibu nitamwangalia vipi na moshi wote ule.

Mama alikuwa na miaka sita Maskati, anafanya kazi za ndani. Kila akipiga simu ya video, bibi aliibandika sikioni. Tukimwambia aishike mbele ya uso, anauliza sasa atasikiaje. Basi miaka sita yote mama aliongea na sikio na hereni. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumshikia simu mbele ya uso, hata dakika mbili, sikuwahi.

Bibi alifariki alfajiri, tukamzika baada ya adhuhuri. Huku maiti haisubiri ndege. Mama alipiga simu wakati watu wanarudi kutoka makaburini, na wala hakuuliza mazishi yalikwendaje.

"Nitumie picha ya mama," akasema. "Moja tu, nimuone uso."

Nikapekua. Paka, paka, sungura, miwani. Nilidhani nitayafuta masikio uso ubaki, kumbe vilishahifadhiwa pamoja, havitoki. Nikamtumia ile yenye upuuzi mdogo kuliko zote. Akauliza, "Mbona hajazeeka?"

Ndipo na mimi nikaiangalia. Ile programu ya picha ikikuwekea masikio, inakulainisha na ngozi. Picha mia tatu, hakuna kunyanzi hata moja. Nikamwambia hakuwa hivyo. Akaniuliza basi alikuwaje. Nikarudi kwenye picha, nikapekua tena.

Ilikuwepo moja ambayo sikuitia chochote. Siku hiyo alinizuia, nikapata kiganja chake tu, kimeziba karibu kioo chote, na unga umeganda kwenye kucha. Nikaituma hiyo.

"Hiki kidole kilipinda lini?" mama akauliza.

Kila asubuhi kabla ya shule, mkono ule ndio ulionipa kitumbua cha kwanza, cha moto, na mimi nilikipokea huku naangalia simu.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui, mama."