Chai ya Mjukuu wa Sumu

Tangu utotoni, kwenye misiba ya ukoo kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Mwiko hakuwahi kupewa. Bibi yake, mzaa baba, alidaiwa kumtilia mumewe sumu kwenye uji. Akafukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, shamba likabaki kwa shemeji yake. Bibi akafa, baba akafa, jina likabaki. Mjukuu kazeeka nalo: Sumu.

Barabara ilipopanuliwa, kaburi la babu likaangukia njiani. Sumu akaomba mifupa ipimwe kabla ya kuhamishwa. Baba mdogo, mtoto wa yule shemeji, akacheka. "Waipime. Wakitaka waichemshe kabisa."

Leo wamesimama wote wawili kwenye chumba baridi chenye harufu ya dawa, babu kalazwa mezani vipande vipande. Mtaalamu, binti mwenye glavu, anazungumza taratibu.

"Nywele na kucha hutunza sumu miaka mingi, mama. Tumetafuta kila tunayoijua. Hamna." Akaligeuza fuvu. Kisogoni palikuwa na shimo lenye nyufa pande zote. "Hapa alipigwa na kitu kizito. Mfupa haukuwahi hata kuanza kuunga. Nani alimpiga, hilo siwezi kuwaambia."

"Atakuwa alianguka," baba mdogo akasema.

"Yako mapigo matatu, mzee."

"Basi alianguka mara tatu, baba mdogo," Sumu akasema. "Anainuka, anarudi kuangukia palepale."

Miaka yote alikuwa amejiwekea maneno ya siku hii. Sasa aliyatafuta asiyaone. Miguu tu ilikuwa inamuuma.

Njiani mvua ikawakamata, wakajibanza nyumbani kwa Sumu. Akabandika chai.

"Utawaambia wazee wenzako?" akauliza.

"Niwaambie nini, mwanangu? Waliosema hayo wote wako chini ya udongo."

"Wanaoniita Sumu wako hai. Nakutana nao bombani."

Sumu akamimina vikombe viwili kutoka birika moja, akaanza yeye kunywa ili aonekane. Baba mdogo akakiangalia chake, akakizungusha kidogo, akakirudisha mezani.

"Mimi nilishakunywa nyumbani."

Njia nzima alikuwa akilalamika njaa. Sumu hakumkumbusha. Alikivuta kile kikombe upande wake, akakinywa nacho mpaka sukari ya chini, huku mzee akiitazama mvua mlangoni.